Samma (majira ya joto) na klabu ya skii Minneapolis: mwongozo kamili kwa wanafunzi wa chuo wa kroskantri

Msimu wa skii ya kroskantri vyuoni Marekani unafungwa Machi na mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, Aprili watu wanapumzika, Mei mwaka mpya wa mazoezi unaanza na hapo theluji hakuna, kocha wa chuo yuko mbali, wenzako wametawanyika kila mtu kwao. Wengi wanapotelea hapo. Unakimbia siku ukijisikia, mvua ikinyesha unaahirisha, Septemba unarudi chuoni ukiwa na pumzi ya kubahatisha. Ndio maana vijana wengi wanahamia mji wenye klabu nzuri kwa miezi mitatu ili wafanye mazoezi na watu.

Nitaongelea Minneapolis, jimbo la Minnesota, kwa sababu ndio mji ninaoufahamu kwa mambo haya, na pia watoto wetu huku ni wengi. Familia za Wakenya zimejaa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani, mtoto anaingia timu ya skii sekondari kwa kufuata marafiki, mara unashangaa yuko chuo na anaichukulia serious. Mzazi unayesoma hii, usiruke, kuna sehemu zinazokuhusu moja kwa moja. Na kama kuna ndugu bado anauliza Mwafrika na skii wapi na wapi, mkumbushe Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 wa Kenya aliyepelekwa Finland kujifunza skii akashindana Olimpiki ya Nagano 1998. Alimaliza kilomita 10 wa mwisho, dakika kama 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Boit akarudi tena Olimpiki 2002 na 2006. Kwa hiyo njia ilishafunguliwa zamani.

Aprili: anza na kocha wa chuo, klabu baadaye

Kwa sheria za NCAA mazoezi ya samma ni ya hiari, kocha hawezi kukulazimisha, lakini ukimwomba programu mwenyewe anaweza kukupa. Basi omba. Muulize mambo matatu: nifikishe masaa mangapi ya mazoezi mwaka huu, udhaifu wangu mkubwa ni upi, na vipimo vya Septemba vitakuwa vipi. Majibu yaandike, usiyaache kichwani.

Kuhusu masaa, mwanafunzi wa chuo wa kawaida yuko kati ya 450 na 650 kwa mwaka, wale wa juu kabisa duniani wanagusa 800 mpaka 1000. Kama mwaka jana ulifanya 480 usikurupuke kwenda 650 kwa sababu klabuni kuna mtu anafanya hivyo. Ongezeko la asilimia 10 hivi linatosha, na hata hilo utalisikia mwilini.

Halafu omba ruhusa ya kumuunganisha kocha wa chuo na kocha wa klabu, hata kwa email moja tu. Ukiwa na makocha wawili wasiojuana kila mmoja atakupa siku ngumu zake, Jumanne ya huyu na Jumatano ya yule, na wewe hutaki kumkatalia mtu, mwisho wake ni kuchoka Julai.

Kuchagua klabu

Minneapolis kitovu chake ni Theodore Wirth Park, bustani kubwa kuliko zote za jiji, ndipo ilipo Loppet Foundation na timu yake ya mashindano, Loppet Nordic Racing. Februari 2024 Kombe la Dunia la skii lilifanyika hapo hapo, mara ya kwanza kurudi Marekani tangu 2001, na Gus Schumacher, kijana wa Alaska, akashinda kilomita 10 mbele ya umati. Jessie Diggins aliyekulia Afton, mwendo mfupi tu kutoka mjini, akawa wa tatu kwa wanawake. Upande wa St. Paul kuna Endurance United. Kuna na vikundi vingine vidogo, ulizia duka la skii utaambiwa.

Jina kubwa lisikuchanganye lakini. Kabla hujalipa, waandikie na uulize: kuna kundi la vyuo au nitawekwa na wanafunzi wa sekondari, mna vipindi vingapi vyenye kocha kwa wiki, kocha anapiga video za tekniki, je siku za rollaski (skii za magurudumu) barabarani kuna gari linafuata nyuma, ada ni kiasi gani na inapungua nikifundisha watoto. Hilo la mwisho usilionee aibu, klabu nyingi zinahitaji vijana wa kusaidia programu za watoto samma nzima, unapata hela kidogo na mazoezi yako yanakuwa hapo hapo karibu. Utatakiwa kwanza kumaliza kozi ya SafeSport, ya kuwalinda watoto michezoni, na kukaguliwa rekodi, anza Aprili maana makaratasi hayo huchelewa.

Na ukiweza, nenda ufanye nao kipindi kimoja cha siku nyepesi. Sikiliza tu. Kama watu wanaongea, wanacheka, wanasimuliana habari ndefu huku wanatembea na fimbo, hilo ni kundi zuri. Kama wako kimya wote na pumzi juu siku iliyoandikwa nyepesi, tafuta kwingine, nasema kwa moyo wote.

Chumba, usafiri, kazi

Chumba ni rahisi kuliko unavyofikiri. Wanafunzi wa University of Minnesota wengi huondoka Mei na kutafuta mtu wa kumalizia mkataba wao wa nyumba, kwa hiyo mitaa ya Dinkytown na Como utakuta vyumba vya miezi mitatu kwa bei iliyoshuka. Angalia mkataba uwe na ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Usipokuwa na gari, tafuta baiskeli, mji huu una njia za baiskeli karibu kila mahali, na safari ya kwenda mazoezini ihesabu kama muda wa mazoezi mepesi badala ya kuiongeza juu juu.

Kazi ndio inayowaumiza watoto wetu. Naomba mzazi unielewe hapa. Huku kwetu kazi inayopatikana haraka ni ya kutunza wazee na wagonjwa kwenye group home, na shifti za usiku ndio zinalipa vizuri, kijana anatoka kazini saa moja asubuhi anakwenda mazoezini saa mbili kwa sababu hataki kukosa. Mwili haujengeki hivyo. Usingizi ndio unaogeuza mazoezi kuwa nguvu, bila huo anajichosha tu na mwishoni anaugua. Kama lazima afanye kazi hiyo basi achukue shifti za mchana au wikiendi, au apunguze masaa ya mazoezi kwa wiki za usiku, achague moja na aseme wazi kwa kocha.

Kwa mwenye viza ya F-1: huruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, hata kazi ya kufundisha watoto klabuni. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni mwako mwezi wa tatu au wa nne, uliza kuhusu CPT, yaani idhini ya kufanya kazi kama sehemu ya masomo, kama kazi inahusiana na masomo yako, na usipokee hata dola kabla ya I-20 yako, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, kuandikwa idhini hiyo. Vilevile zawadi ya pesa kwenye mbio yoyote ya samma, uliza ofisi ya sheria za michezo chuoni kabla ya kuipokea.

Vifaa, hapa usibane hela vibaya

Rollaski ni skii fupi zenye magurudumu, ndio theluji yako ya samma. Utahitaji pea mbili. Za klasiki, mtindo wa miguu kwenda sambamba, zina magurudumu mapana na moja lina kizuizi ndani linakataa kurudi nyuma, ndio maana unaweza kusukuma na mguu. Za skeiti, mtindo wa kusukuma miguu pembeni, zina magurudumu membamba na makubwa kiasi. Marwe, Swenor, Pursuit zote ni majina ya kuaminika, na za mitumba zipo nyingi Minnesota, ila kagua magurudumu yasiwe yameliwa upande mmoja na fremu isiwe na ufa.

Ukinunua uliza kasi ya gurudumu. Swenor kwa mfano wana namba 1, 2 na 3, namba 1 inakimbia sana, 3 ni nzito, wengi wanatumia 2. Klabu nzuri itakwambia wote mtumie aina gani ili mwendo ulingane, kwa sababu kundi likiwa na magurudumu tofauti mmoja anatembea na mwingine anakufa kwa jitihada ile ile. Hili dogo linaharibu mazoezi mengi kuliko watu wanavyojua.

Fimbo tumia za zamani, ukianguka kwenye lami kaboni inavunjika. Toa ncha za theluji weka za rollaski zenye chuma kigumu cha kabaidi, na nunua faili ya almasi uzinoe kila wiki, ncha butu inateleza kwenye lami na bega ndio linalipa. Urefu wa klasiki usizidi asilimia 83 ya urefu wako ukiwa na buti, hiyo ni sheria ya FIS ya mashindano na ni vizuri ujizoeze nayo, skeiti wengi wako karibu asilimia 90.

Helmeti kila siku, hata kipindi cha dakika 20. Glavu, miwani, fulana inayong'aa, taa nyekundu ya nyuma. Klabu itakufukuza bila helmeti na itakuwa imefanya sawa. Na kila baada ya wiki mbili hivi zungusha magurudumu, ya mbele nyuma na ya kushoto kulia, yataisha kwa usawa.

Kabla ya kwenda kasi, jifunze kusimama

Rollaski za kawaida hazina breki. Soma tena hiyo sentensi halafu uitumie ujumbe kwa mwenzako anayeanza.

Njia za kupunguza mwendo ni chache. Kwenye tambarare simama wima, fungua mikono, upepo unakupunguza. Kwenye skeiti unaweza kupanua miguu na kuelekeza vidole ndani, inafanya kazi mwendo ukiwa mdogo tu. Kubwa kuliko yote ni kukimbilia nyasi: unainua mguu mmoja unaweka kwenye nyasi, wa pili unafuata, magoti yamekunjwa, na unakimbia hatua kadhaa. Lifanye hili zoezi mwanzo wa kila kipindi wiki mbili za kwanza mpaka mwili ulifanye bila kufikiri, anza kwa mwendo wa kutembea, ongeza kidogo kidogo, pande zote mbili kushoto na kulia.

Mlima usioona mwisho wake usiushuke. Mlima wenye taa za kuongoza magari au kona au changarawe chini usiushuke. Vua rollaski ushuke kwa miguu au upande gari la klabu, hakuna mtu wa maana atakayekucheka. Tafuta njia zilizo tambarare na zisizokatwa na barabara mara nyingi, kama Gateway State Trail inayotoka St. Paul kwenye reli ya zamani, au Cedar Lake Trail asubuhi na mapema kabla waendesha baiskeli hawajajaa. Kwenye njia za pamoja fimbo zako zinachukua nafasi kubwa, ukimpita mtu mpigie sauti mapema na uzikusanye karibu na mwili.

Wiki moja inavyokaa

Hii ni ya Juni kwa mtu wa masaa 13 hivi, ibadilishe kulingana na alichokwambia kocha. Viwango vya ugumu nimevieleza chini ya ratiba.

Jumatatu: pumziko, au kutembea tu.
Jumanne: asubuhi na klabu, rollaski skeiti, ndani yake vipindi 4 vya dakika 8 kwa kiwango cha tatu. Jioni nguvu gym.
Jumatano: kukimbia au baiskeli saa moja na nusu, nyepesi kabisa.
Alhamisi: klasiki saa moja na dakika 45, nusu yake mikono tu yaani kusukuma kwa fimbo mbili pamoja, na ndani yake spidi fupi za sekunde 10 mara 8 na pumziko la kutosha.
Ijumaa: nguvu asubuhi, jioni dakika 50 za kukimbia polepole.
Jumamosi: kuruka mlima na fimbo, yaani kupanda kilima kwa hatua za kuruka bila rollaski, vipindi 5 vya dakika 3 kwa kiwango cha nne. Klabu hutumia vilima vya skii za kushuka ambavyo samma havina theluji, kama Buck Hill pale Burnsville, kilima kidogo alichoanzia Lindsey Vonn, kinakutosha kabisa.
Jumapili: safari ndefu, saa mbili na nusu mpaka tatu, miguu kwenye njia za msituni au rollaski.

Kiwango cha kwanza ni mapigo ya moyo chini ya asilimia 75 ya kilele chako, unaongea sentensi nzima bila kukata. Cha tatu ni karibu asilimia 82 mpaka 88, unaongea maneno machache. Cha nne huongei. Gym, fanya vitu vizito na vichache, kuvuta mwili kwenye bomba, kusukuma mwili kwenye paralelo, kuchuchumaa mguu mmoja, tumbo na mgongo. Wiki tatu panda, ya nne punguza karibu theluthi moja.

Jambo la tekniki ambalo makocha wanalirudia sana: rollaski ya klasiki inakudanganya. Kile kizuizi cha gurudumu hakikosi kushika, ukipiga teke kwa kuchelewa bado unakwenda, halafu Novemba kwenye theluji skii inateleza nyuma na hujui kwa nini. Dawa yake ni kupigwa video kutoka pembeni kila wiki, na kufanya sana kutembea na kuruka mlima ukiwa na fimbo bila rollaski, hapo mguu usiposhika ardhi kwa wakati utajua mwenyewe.

Kundi lisikuue

Kama utachukua kitu kimoja kutoka kwenye mwongozo huu mrefu, chukua hiki. Faida ya klabu ni kwamba utafanya masaa mengi mepesi bila kuchoka akili kwa sababu una watu. Hatari ya klabu ni hao hao watu. Umeweka pamoja vijana wa vyuo tofauti, huyu wa Vermont, yule wa Utah, mwingine wa Northern Michigan, wote watakutana Machi na kila mmoja anataka kujua yuko wapi ukilinganisha na mwenzake, basi Jumatano nyepesi inaanza vizuri, mtu mmoja anasogea nusu hatua mbele, wa pili anamfuata, dakika ya 40 kundi zima liko kiwango cha tatu na hakuna aliyeamua hivyo. Ukifanya hivyo wiki sita, siku ngumu zinakuwa za wastani kwa uchovu na nyepesi zinakuwa za wastani kwa ushindani, na samma nzima umeifanya kwa mwendo mmoja usiojenga kitu.

Cha kufanya: vaa mkanda wa mapigo ya moyo kifuani, saa ya mkononi peke yake inasoma mapigo vibaya ukishika fimbo. Weka kengele ilie ukipita kiwango cha kwanza. Ikilia sema kwa sauti "mimi nashuka", usinung'unike, shuka. Mara nyingi utaona wawili watatu wanashuka na wewe, walikuwa wanasubiri mtu aanze. Siku ngumu ndio shindana, lakini hata hapo vipindi vya kwanza na vya mwisho vilingane, anayemaliza akiwa anaweza kufanya kimoja zaidi ndiye aliyefanya vizuri.

Joto, radi, moshi, kupe

Julai Minneapolis wastani wa mchana ni nyuzi 28 hivi na unyevunyevu juu yake, siku mbaya zinapita 32. Jua linachomoza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri mwezi Juni, tumia hiyo. Lami ikipata joto kali inalainika, ncha za fimbo zinazama, kwa hiyo hata kwa tekniki asubuhi ni bora. Kunywa nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, na weka chumvi.

Ukisikia ngurumo ingia ndani, subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Fimbo mkononi siku ya radi hapana. King'ora kikilia Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana usikimbie, ni majaribio ya king'ora cha kimbunga, kikilia wakati mwingine wowote shuka chumba cha chini kabisa cha jengo. Moshi wa moto wa misitu ya Canada nao unafika huku, angalia AirNow, tovuti ya ubora wa hewa, asubuhi, namba ikizidi 150 mazoezi magumu yahamie ndani au yafutwe. Ukitoka msituni jikague kupe, nyuma ya magoti, kiunoni, kwenye nywele, maana wale wadogo wanabeba ugonjwa wa Lyme. Ukiona wekundu unaopanuka kwenye ngozi nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula

Kula. Mtu wa masaa 13 kwa wiki hawezi kuishi kwa saladi na kahawa. Ugali na maharage, wali, chapati, mayai, viazi, vyote ni chakula cha mwanamichezo na unga unapatikana kwenye maduka ya Kiafrika Brooklyn Park. Kipindi kikizidi dakika 90 beba cha kula njiani, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, ndizi na kinywaji cha sukari vinatosha. Baada ya kipindi kigumu kula ndani ya saa moja.

Dada zangu, hedhi ikikatika hiyo si dalili ya kuwa fiti, ni mwili unasema chakula hakitoshi, na mifupa ndio inayofuata kuumia. Mwambie daktari mapema. Na wote, wanaume kwa wanawake, pimeni feritini (akiba ya chuma mwilini) Mei na tena Agosti, uhaba wa chuma unafanana sana na uvivu na watu wamelaumiwa bure kwa kitu ambacho kipimo kimoja cha damu kingekionyesha. Vidonge vya chuma usinywe bila kipimo.

Agosti na kurudi

Wiki ya mwanzo ya Juni fanya kipimo kimoja na klabu, mfano kupanda kilima kwa miguu na fimbo au kilomita kadhaa za kusukuma kwa mikono tu kwenye barabara ile ile. Katikati ya Agosti rudia, barabara ile ile, magurudumu yale yale, hali ya hewa inayokaribiana. Magurudumu ukibadilisha, namba haina maana tena.

Kama kuna wikiendi ya safari na klabu, nenda. Vilima vya Superior Hiking Trail kule juu ya Duluth ni kazi ya siku nzima kwa miguu, hewa ni ya baridi kutoka ziwani, na njia za American Birkebeiner, mbio kubwa za skii, kati ya Cable na Hayward kule Wisconsin zinakimbilika vizuri sana samma.

Wiki ya mwisho kabla ya chuo punguza masaa kwa nusu. Mtumie kocha wa chuo ukurasa mmoja: masaa kwa mwezi, siku ulizougua, matokeo ya vipimo viwili, video moja ya klasiki na moja ya skeiti. Rollaski safisha beringi, weka magurudumu mapya kama yamebaki membamba, kwa sababu Septemba na Oktoba bado ni lami.